Kipimo cha Asiyeugua

Kazi yangu ni kusoma ubao wenye mistari
uliopigiliwa gatini, kusini mwa bandari:
asubuhi saa moja, jioni saa kumi na mbili,
ziwa limefika wapi. Naandika. Nafunga daftari.

Miaka kumi na tisa. Sijawahi kulazwa,
sijawahi kumeza kidonge cha tumbo,
na kiungulia nakijua kwa jina tu,
kama ninavyoijua theluji.

Ndiyo maana walinitaka.

"Wagonjwa tunao," alisema Daktari Rweyongeza,
"wamejaa hadi kwenye korido.
Tusio nao ni watu kama wewe.
Nitasemaje huyu amezidi
kama sijui asiyezidi anaishia wapi?"
Nikamwelewa upesi. Hata ziwa,
ukiambiwa limepanda, uliza: kutoka wapi?

Mrija mwembamba kama utambi wa koroboi
ukapita puani. "Meza, Baba Ngollo. Meza tena."
Sista Nkwimba ananinywesha maji kwa kijiko,
machozi yananitoka bila msiba.
Ukateremka umioni, ukasimama
sentimita tano juu ya mlango wa tumbo,
kama mlinzi aliyeambiwa:
usimzuie mtu, wewe hesabu tu.

Kisha kiboksi kiunoni, vitufe vitatu:
cha kula, cha kulala,
na hiki, "ubonyeze kifua kikiwaka."
"Na kisipowaka?"
"Kiache. Ishi kama kawaida."

Ishi kama kawaida, na plasta imekushika shavu!
Igogo watoto walinifuata hadi kwenye ngazi za mawe:
"Mzee, unachajiwa?"
Muuza sato alidhani ni redio,
akaniuliza Pamba wanaongoza ngapi.
Nilikula ugali wa muhogo na furu wa kukausha,
pilipili kama siku zote. Bonyeza.
Nilikunywa chai. Bonyeza.
Niliinama kufunga kamba ya kiatu,
nikapanda kilima hadi kwangu,
nikamfokea Milembe,
hapana, sikumfokea. Nilinyamaza,
maana alikuwa ameuza baiskeli bila kuniuliza.
Kwa kunyamaza hakukuwa na kitufe.

Usiku nilibonyeza cha kulala, nikabaki macho.
Taa ya kiboksi ilikonyeza chini ya shuka,
nyekundu, kisha giza, kisha nyekundu.
Milembe akageuka. "Kinasema nini?"
"Hakisemi. Kinaandika."
Akakaa kimya kitambo, nikadhani amelala.
"Mimba ya Ngollo niliwaka miezi minne," akasema.
"Nilikuwa nalala nimekaa.
Hakuna aliyekuja na kiboksi."

Kesho yake mrija ukatoka kwa pumzi moja.
Daktari akakunjua karatasi ya milima na mabonde:
mara thelathini na nne
tindikali ilivuka mlango ikapanda kifuani mwangu,
nyingi baada ya chakula, moja saa tisa usiku,
na kila mara umio ukaisukuma chini,
mate yakaja nyuma yakasuuza,
kimyakimya, kama mwenye nyumba anayefagia
kabla wageni hawajaamka.
Kitufe cha tatu: sifuri.
"Hii ndiyo afya," akasema,
akaipiga karatasi muhuri kwa furaha.

Thelathini na nne!
Nami nilikuwa nikijidai mkavu.

Saa kumi na mbili nilikuwa gatini.
Meli ya Ukerewe imepita, maji yanacheza kwenye ubao,
na utaratibu wetu ni kusubiri wimbi litulie
ndipo usome.
Nilisubiri. Limepanda sentimita mbili.
Hakuna wa kuamshwa kwa sentimita mbili.
Nikaandika.

Kuna safu ya maelezo, kulia mwa ukurasa,
ambayo kwa miaka kumi na tisa sijaijaza.
Nikaandika humo, kwa herufi ndogo:
Milembe, miezi minne.
Sikulifunga daftari upesi.